Tulivyoujaza uwanja bila ukumbi wala tiketi

Kikundi chetu cha maigizo hapa Kwimba, mkoani Mwanza, kina watu 9 na hakuna anayelipwa mshahara. Usajili tulipitia kwa afisa utamaduni, tukavumilia nenda-rudi zake, basi.

Kilichoniumiza ni ushauri. Mtaalamu mmoja wa miradi alishikilia kwamba maigizo bila ukumbi, taa na tiketi hayawezi kuheshimiwa. Tukamsikiliza. Tulikodi ukumbi, jenereta na spika, tukachapisha tiketi. Laki tatu na ushee ziliteketea, nyingine za pamba ya mama yangu. Igizo lilihusu binti wa darasa la saba ambaye baba yake ameshatajiwa ng'ombe wa mahari. Waliingia watu 14. Wengine walichungulia madirishani, wakisikia jenereta kuliko sisi. Dada aliyeigiza binti alilia hadi usiku.

Bibi yangu akaniuliza, "Mlikuwa mnashindana na nani?" Nikamjibu hatushindani na mtu. Akasema, "Sasa watu waje kufanya nini?"

Usukumani ngoma ni mashindano. Mavuno yakishaingia ndani, kuanzia Juni hivi, Bagalu na Bagika, vyama viwili vya ngoma vya Wasukuma vinavyoshindana, hucheza saa ileile, uwanja uleule, na ushindi ni wa aliyevuta watu wengi. Ukipoa kidogo, watazamaji wanakukimbia unawaona. Ndiyo maana wengine huingia hata na chatu.

Tukalichukua igizo letu tukalipasua. Mwanzo ulibaki mmoja, na vijana wawili wenye njuga miguuni wakawa ndio ng'ombe. Baba akishapokea kamba ya ng'ombe tu, tunagawanyika: upande wa mwembe binti anaolewa, upande wa kisima shangazi anamtetea abaki shule. Pande zote zinacheza kwa pamoja, kila moja na ngoma zake. Spika hatukuzigusa tena.

Siku ya kwanza uwanja ulijaa mpaka watoto wakapanda mwembe, ila karibu wote walikwenda kwenye harusi! Nilikosa usingizi, nikidhani kijiji kizima kimeunga mkono ndoa ile. Kumbe mpigaji wetu hodari alikuwa huko. Kijiji cha pili tukamhamishia kwa shangazi, na harusi tukaipa ngoma moja tu. Ukitaka kufanya hivi, gawa wapigaji kwanza, waigizaji baadaye.

Baadaye nilikuja kujua kwamba papa hapa wilayani, Malya, walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi na wanakijiji mwaka 1982 na 1983, wakatumia ngoma na maigizo kuzungumzia mimba za wasichana. Nilifurahi sana. Nao walianza kwa kuwasikiliza wenyeji.

Kijiji kile cha pili, akina mama ndio walioanza kuhamia kisimani. Kisha mzee mmoja akanyanyua kigoda chake, akavuka, akarudi mwembeni, akavuka tena. Mwisho akakiweka katikati ya uwanja, akaketi, na ngoma zikanyamaza zenyewe. Akamwita aliyeigiza baba: "Mwanangu, nimemsikia shangazi. Lakini ng'ombe umeshapokea, na wawili umeshawauza. Utarudisha nini?"

Mwigizaji wetu alisimama na kamba mkononi, hana jibu. Ikabidi wanaume waliokuwepo wajibizane hadi giza likaingia.

Swali lile halikuwemo kwenye igizo letu. Msimu huu limo, na kigoda tumekinunua.