Kichupa kwenye mkoba

"Dawa unakunywa?" daktari aliuliza. Nikaitikia kwamba nakunywa. Dawa ipi, sikusema.

Miezi 3 kabla ya siku hiyo, yeye mwenyewe ndiye aliyeniandikia metformini, dawa itumikayo pia kwa kisukari. Nilikuwa nimekaa miezi 5 bila hedhi, kidevu kimeota nywele ngumu nilizong'oa kila asubuhi kwa kibanio, na ultrasaundi ikaonyesha ovari zimejaa vijifuko kama shanga. PCOS, tatizo la homoni linalovuruga kazi ya ovari. Lakini metformini ilinipeleka chooni mara 4 kabla ya mchana. Wiki ya pili nikaiacha kimyakimya, nikanunua probiotiki: bakteria hai bilioni 10 kwa kila kidonge, na juu ya kichupa ahadi ya "kusawazisha homoni". Tumbo likatulia, nami nikajiona nimepona. (Lingekosaje kutulia, na kilicholivuruga nimekiacha?)

Sasa majibu ya damu yalikuwa mezani: insulini, homoni inayodhibiti sukari mwilini, imepanda kuliko mwanzo. Daktari akavua miwani.

"Mwanangu, hebu nione hiyo dawa."

Nikatoa kichupa mkobani. Akayasoma yale majina, Lactobacillus, Bifidobacterium, wala hakucheka. Nilitamani angecheka. Alisema bakteria hao si porojo: yapo majaribio, mengi madogo na ya wiki chache, yaliyoonyesha insulini ikishuka kidogo kwa wanawake wenye PCOS. Akalirudia hilo neno, kidogo. Kisha akachora ovari nyuma ya karatasi ya majibu. Mwili ukiwa mgumu kuisikia insulini, kongosho humwaga nyingi zaidi. Hiyo nyingi huchochea ovari kutoa testosteroni, homoni ya kiume, kupita kiasi, na mayai hukwama kabla ya kupevuka. Zile shanga, kumbe, hazikuwa uvimbe. Ni vijifuko vya mayai vilivyoishia njiani.

"Kuharisha kulikuzidi?"

Nikaitikia kwa kichwa, macho chini. Ndevu nilikuwa nimemweleza bila kupepesa. Kuhara kukanishinda kutamka.

Kumbe dawa ile huanzwa kwa dozi ndogo, pamoja na chakula, na ipo aina inayoyeyuka polepole ambayo tumbo huivumilia zaidi. Akaniandikia hiyo, miligramu 500 baada ya mlo wa jioni. Nikauliza kichupa nikitupe.

"Kimalize tu," akasema, akinirudishia. "Ila safari hii, tumbo likikusumbua, nipigie mimi kwanza."