Siku Moja Maishani Mwangu: Mwokoaji wa Ufukweni na Ofisa wa Mipango Miji

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Mwezi wa Februari ni kiangazi hapa Newcastle, jiji la bandari lililo kaskazini mwa Sydney, na maji ya bahari yana joto la nyuzi 22 hivi, kwa hiyo mtu wa miaka 66 hana udhuru wa kubaki kitandani. Ninashuka kwa miguu hadi bwawa la maji ya chumvi la Merewether, lililofunguliwa mwaka 1935 kando kabisa ya bahari, na kuogelea nusu saa bila haraka. Zamani nilishindana na saa ya ukutani. Siku hizi ninasikiliza bega la kulia, kwa sababu ndilo linaloniambia mapema kama wiki hii niongeze au nipunguze.

Saa kumi na mbili na robo niko mchangani na wanafunzi wa klabu yetu ya uokoaji. Mimi nilizaliwa Tanga, ambako miamba ya matumbawe huvunja nguvu za mawimbi mbali na nchi kavu, na watoto tulijua bamvua na maji mafu, yaani siku bahari inapojaa sana na siku inapojaa kidogo, kabla ya kujua kusoma. Hapa hakuna kinga hiyo. Mawimbi ya Pasifiki hufika mchangani yakiwa na nguvu zake zote, na hiyo ndiyo sababu Waaustralia walianzisha uokoaji wa ufukweni, wakaunda chama cha jimbo la New South Wales mwaka 1907, na hadi leo maelfu ya watu wa kujitolea huvaa kofia ya nyekundu na njano kila mwisho wa juma wa msimu wa kuogelea na kukaa kati ya bendera mbili za rangi hizo hizo, zinazoonyesha sehemu inayolindwa, bila malipo. Wanawake walikubaliwa kuwania Medali ya Shaba, cheti cha msingi cha mwokoaji, mwaka 1980 tu. Leo nusu ya darasa langu ni wanawake, wakiwemo msichana wa miaka 15, ambao ndio umri wa chini unaoruhusiwa, na muuguzi aliyekwisha kupata wajukuu.

Somo la leo ni mkondo unaorudi baharini, na somo hili sichoki kulifundisha. Maji yote yanayoletwa na mawimbi ni lazima yarudi, nayo hutafuta pengo kati ya mafungu ya mchanga, yakajikusanya hapo na kutoka kwa kasi. Juu ya mkondo huo mawimbi hayavunjiki sana, hivyo mgeni anayesimama ufukweni huona mahali palipotulia, penye rangi iliyokolea, akadhani amepata pa kuogelea salama kuliko pote. Mkondo wenyewe haumvuti mtu chini; humpeleka mbali, na wengi hufa kwa kushindana nao mpaka nguvu zikawaishia. Anayenaswa anapaswa kuelea, kuinua mkono ili aonekane, na kama ana nguvu, kuogelea sambamba na ufuo mpaka atoke kwenye njia ya maji.

Tukiwa katika maelezo hayo, wageni wawili wanatandika taulo mbele ya pengo lenyewe. Ninawaendea, ninawasalimu, ninawaonyesha maji yalivyo, nao wanahamia upande wa pili. Shughuli imechukua dakika mbili. Magazeti hupenda picha za boti ya mpira ikipaa juu ya wimbi, lakini mimi hupima zamu nzuri kwa idadi ya watu ambao hawakuhitaji kuokolewa kabisa, na ofisa wa mipango miji hana budi kufikiri vivyo hivyo.

Kabla ya kuachana tunafanya jaribio: kukimbia mita 200, kuogelea mita 200 na kukimbia tena mita 200, yote ndani ya dakika 8. Kila mwokoaji wa zamu hulirudia kila msimu, awe na miaka 20 au 70, na ninashukuru kwamba kanuni hiyo haijalegezwa kwa ajili ya mvi zangu.

Saa tatu niko ofisini, ambako sasa ninafanya kazi siku tatu kwa wiki. Asubuhi hii ninapitia ramani za mmomonyoko wa pwani, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Pwani ya mwaka 2016 inaziongoza halmashauri kuandaa programu za fukwe zake, na ufukwe wa Stockton, ng'ambo ya mto Hunter, unaliwa mwaka hadi mwaka. Mchanga wa pwani hii husafiri kuelekea kaskazini. Kuta za mawe na mlango wa bandari uliochimbwa kina kirefu vinauzuia, na Stockton haipati fungu lake. Kituo cha kulelea watoto kilichokuwa karibu na ufuo kimelazimika kubomolewa. Ninapowaeleza vijana wa ofisini jambo hilo, ninawapeleka wakauone ukingo ulivyokatika, maana ramani peke yake haitoshi.

Saa tano ninatoka na saa ya kupimia muda mkononi kwenda kwenye kivuko cha waenda kwa miguu, na hili ndilo jambo lililonishughulisha zaidi wiki nzima. Mzee mmoja wa klabu yetu, mwenye miaka 83, ndiye fundi wa injini za boti. Kwa miaka mingi alikuja kila asubuhi kwa miguu, halafu akaanza kupotea. Tulidhani magoti yamemshinda. Nilipomtembelea aliniambia, kwa aibu ambayo hakustahili kuiona, kwamba tangu barabara ilipopanuliwa taa hubadilika kabla hajafika ng'ambo, na madereva humpigia honi.

Hesabu yake ni nyepesi. Barabara ina upana wa mita 18. Taa imepangwa kwa mtu anayetembea mita 1.2 kwa sekunde, ambaye huvuka kwa sekunde 15. Mzee wetu anatembea mita 0.8 kwa sekunde, na anahitaji zaidi ya sekunde 22. Kwa upungufu wa sekunde 7 klabu imempoteza fundi, naye amepoteza mazoezi yake, rafiki zake na kazi anayoijua kuliko sisi sote. Watu hunishauri mengi kuhusu chakula na vidonge vya uzeeni, nami sivipuuzi, lakini nimeona wazee wakidhoofika haraka baada ya kukosa mahali pa kwenda, na mara nyingi aliyewafungia njia ni mbunifu wa barabara ambaye hakumfikiria mtu anayetembea polepole. Ninapendekeza muda wa taa uongezwe, kijengwe kisiwa cha kupumzikia katikati, na pawe na benchi lenye kivuli kila upande.

Saa nane ni kikao. Mhandisi ana hofu ya msongamano wa magari, na ni haki yake kuuliza. Nimemjibu kwa vipimo vya leo, na pendekezo limekubaliwa kwenda kwa mamlaka ya barabara.

Saa kumi na moja na nusu jioni niko klabuni tunapanga zamu za Jumamosi. Mimi nimewekwa kwenye redio ya upepo, kazi inayotaka mtu anayeisoma bahari na asiyepandisha sauti, na boti tumewaachia vijana wenye magoti imara. Majibu ya mamlaka yatachukua wiki kadhaa, kwa hiyo kijana mmoja wa zamu ameahidi kumpitia mzee saa moja asubuhi na kuvuka naye, kwa kuwa injini ya boti ya pili haitaki kuwaka na hakuna mwingine kati yetu anayejua kwa nini.