Saa ya shemeji iliyonilia dakika

Mkono wa kushoto nina Casio ya elfu kumi na tano, mkanda wake nimeutengeneza mwenyewe kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Mkono wa kulia nina saa ya wakimbiaji, Garmin Forerunner 245, iliyotoka Muscat, Oman. Watoto wanaokaa nyuma ya goli wananiita Refa Saa Mbili. Wakubwa wanadhani ni mbwembwe. Laiti wangejua. Adabu hii nimefundishwa Jumamosi moja ya jua kali, kwa bao lililoingia wakati wachezaji walitakiwa wawe wamekaa chini ya mti wanakunywa maji.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Tanga, na mji huu baiskeli ni nyingi, kwa hiyo kazi haikosekani. Siku za kawaida niko kibandani na spoku na minyororo. Wikiendi navaa bukta nyeusi. Nimechezesha ligi ya wilaya miaka tisa, ngazi ya mkoa misimu miwili, na ndondo ambazo sikumbuki idadi. Posho ya mechi, ikilipwa, hainunui saa ya namna hii, msije mkanifikiria vingine. Shemeji yangu anafanya kazi Oman. Alikuwa anakimbia nayo asubuhi kando ya bahari kule Muttrah, akanunua mpya, akaja likizo na ile ya zamani mfukoni. "Shemeji," akaniambia, "wewe ndiye unayekimbia kweli. Vaa hii."

Wiki za kwanza nilikuwa kama mtoto aliyenunuliwa viatu vya Iddi. Nalala nayo, naamka nayo, naziba pancha nayo. Mechi ya kwanza ikaniambia nimekimbia kilomita 9.4. Nikafurahi mno, maana waamuzi wa ligi kubwa wanatajwa kukimbia kilomita 10 hadi 12 kwa mechi, nami nina miaka 41 na uwanja wenyewe ni vumbi na mashimo ya kaa. Nikampigia simu mwamuzi mwenzangu kujisifu. Akanijibu, "Kilomita tisa za kwenda wapi?"

Swali hilo lilinichoma, nikafungua ramani kwenye simu. Saa inachora kwa setilaiti mstari wa kila ulikopita, na mstari wangu ulikuwa umejikunja kama uzi uliochezewa na paka. Kwa kawaida refa anakimbia kimshazari, kutoka pembe moja kwenda pembe ya pili, ili mpira ukae kati yake na mshika kibendera. Ndivyo tulivyofundishwa na ndivyo nilivyoamini nafanya. Kumbe wapi! Uzi wote umelalia upande mmoja, upande wa magharibi. Nikadhani saa imepotea njia. Nikaangalia mechi ya pili, uwanja uleule, hivyohivyo. Nilikaa na ile simu mpaka chai ikapoa, ndipo nikakumbuka: upande wa magharibi wa uwanja ule kuna mstari wa miarobaini. Mechi zinaanza saa kumi jioni, jua liko nyuma ya ile miti, kivuli kinaingia hadi ndani ya mstari. Miaka tisa nilikuwa nachezesha kivuli.

Hakuna mtathmini wa waamuzi aliyewahi kuniambia hilo. Mashabiki walikuwa wanasema, kwa lugha yao, "Refa uko mbali!" lakini mashabiki husema hivyo hata ukiwa umesimama juu ya mpira. Sasa hivi nikijikuta napata baridi mgongoni, najua nimekosea njia.

Kwa hiyo nasema mapema, nisije nikaonekana namtukana shemeji: saa hii imenisaidia. Hata mtihani wa utimamu wa mwili nimeufanyia mazoezi kwa saa hii. Wa zamani walikimbia dakika 12 wakapimwa umbali, basi. Siku hizi ni mbio 6 za mita 40 kwa kasi yote, ukimaliza unaanza mizunguko: mita 75 unakimbia kwa sekunde 15, mita 25 unatembea, filimbi, tena, mara 40. Ni duru 10 za uwanja wa riadha, kilomita 4. Ukiwa peke yako nani atakupigia filimbi? Nilipanga sekunde zile kwenye saa, ikawa inanitetemekea mkononi: kimbia, tembea, kimbia. Nikafaulu na pumzi ikabaki.

Mapigo ya moyo ndiyo yaliyonitisha. Siku moja napasha misuli polepole kabisa, saa inaniambia 174. Kwa umri wangu hiyo ni ya mtu anayekimbizwa na mbwa. Nikasimama, nikaweka vidole shingoni, nikahesabu sekunde 15 kwa Casio: mapigo 33. Mara nne, 132. Saa imeongeza 42 kutoka wapi? Kwa nyuma saa ina taa za kijani zinazomulika damu chini ya ngozi na kusoma inavyopita. Saa ikilegea inachezacheza kwa kila hatua, na inaweza kukamata mdundo wa miguu ikidhani ni wa moyo. Mimi nilikuwa natupa hatua kama 174 kwa dakika. Fundi baiskeli analielewa hilo haraka: mita inasoma gurudumu lisilo lake. Dawa ni kuipandisha juu ya kifundo cha mkono na kuikaza, ila si mpaka vidole vife ganzi. Anayetaka uhakika avae mkanda wa kifuani. Mimi bado sijaupata, na shemeji sijathubutu kumwomba tena.

Sasa ya unga.

Simu nilikuwa naiacha kwenye begi, karibu na meza ya kamisaa, yaani msimamizi wa mechi. Nikiwa mbali saa inapotezana na simu, nikipita karibu zinaunganika tena na meseji zote zilizolala zinamiminika. Mechi moja ya ndondo, 1-1, dakika za mwisho, beki akamkata mshambuliaji miguu ndani ya kumi na nane. Nimepuliza. Kabla sijanyoosha mkono kwenye alama ya penalti, mkono ukatetemeka, nami bila kufikiri nikaitazama saa. Ilikuwa mke wangu: "Unga umeisha. Ukirudi pitia sembe kilo mbili." Kisha ndiyo nikaonyesha penalti.

Hebu jiweke mahali pa shabiki. Refa amepuliza, amesoma mkononi, ametoa penalti. Sauti moja ikatoka kule kwa mashabiki: "Anasoma mkeka!" Uwanja mzima ukaitikia. Siku hizi kila kijana ana mkeka wake wa kubeti mfukoni, na kila timu ikifungwa kuna mtu amehongwa. Nilitoka uwanjani na mgambo wawili.

Kamisaa wa siku ile ni mzee aliyestaafu kuchezesha zamani. Hakunigombeza. Aliniomba nimwonyeshe ile meseji, akaisoma, akacheka kidogo, akasema, "Mwanangu, mimi nimeona ni unga. Wale hawajaona." Akanikumbusha Sheria namba 5: refa lazima awe na filimbi, saa, kadi na daftari. Vifaa vya mawasiliano baina ya waamuzi na vya kupima utimamu wa mwili vinaweza kuruhusiwa. Vito hapana, na vifaa vingine vya elektroniki hapana. Saa yangu, kwa maelezo yake, ilikuwa imesimama na mguu mmoja ndani na mmoja nje. Inapima mwili, hiyo sawa. Inaleta meseji za nyumbani, hiyo si sawa.

Nikazima meseji, au nilidhani nimezima. Na nikajiapiza jambo moja la kijinga: ikitetemeka mchezoni, siangalii.

Hadi hapo muda wa mchezo nilikuwa nauhesabu kwa Casio. Garmin nilikuwa naiwasha tu ichore na kupima. Mara mbili tatu niliona baada ya mechi imeandika dakika 82 au 84 badala ya tisini na kitu, nikasema labda nimechelewa kuibonyeza. Fundi anayesikia mlio kwenye ekseli akaendelea kupanda, mnamwitaje?

Jumamosi yenyewe mkanda wa Casio ulikatika tukiwa tunakagua nyavu. Nikaitia saa kwenye begi. Nikajiambia, ninayo ya Muscat, nahangaika nini?

Kipindi cha kwanza kilikuwa cha kusimama-simama. Mchezaji aliteguka, tukamngoja machela ambayo haikuja, akabebwa na wenzake. Kipa wa wageni kila mpira wake ni sala ya jamaa. Mara nne mkono ulitetemeka, nami, mtu wa kiapo, sikuangalia. Nilipokuja kuitazama ilisema 41. Mshika kibendera wangu wa kwanza alikuwa ameweka ngumi kifuani, ishara tuliyokubaliana kwamba muda umekwisha. Nikamwona. Nikajisemea, huyu naye na kile kisaa chake cha sokoni. Nikaendelea. Wenyeji wakapata kona, ikapigwa, kichwa, bao.

Mapumziko, mshika kibendera akanishika mkono kwa upole. Saa yake ilikuwa 52 na ushee. Ya mwamuzi wa mezani pia.

Kocha wa wageni alishapata habari, sijui kwa nani. Hakutukana, na hilo liliniuma kuliko matusi. Alitaka tu kipindi cha pili nikikate dakika zile nilizozidisha. Nikamwambia siwezi, na kweli sheria hairuhusu: Sheria namba 7 inakataza refa kufidia kosa la muda la kipindi cha kwanza kwa kubadili urefu wa kipindi cha pili. Bao likabaki. Mechi ikaisha 1-0. Kwenye ripoti niliandika yote, na saa niliitaja.

Usiku nikampigia shemeji Muscat. Akanisikiliza, akanyamaza, kisha akacheka mpaka nikataka kukata simu. "Shemeji, mimi nilikuwa nakutana na taa za barabarani. Niliiwekea isimame yenyewe kila nikisimama, nisiharibu muda wangu." Ndiyo hiyo. Mkimbiaji akisimama kwenye taa, saa inasitisha kuhesabu, akiondoka inaendelea, na kila mara inatetemeka kumjulisha. Nikisimama kumngoja majeruhi, dakika zinasimama pamoja nami. Saa haikuharibika hata kidogo. Ilikuwa inafanya kazi ya mtu mwingine.

Nilimkumbuka yule mwamuzi wa Zambia, Janny Sikazwe. Tarehe 12 Januari 2022, Limbe kule Kameruni, Tunisia na Mali kwenye AFCON: alipuliza mwisho dakika ya 85, mchezo ukaendelea, akapuliza tena 90 haijatimia. Tuliangalia kwenye banda la video, watu wakagalagala kwa kicheko, mimi nikiwemo. Baadaye ikajulikana ni joto lililomwelemea. Yeye alizidiwa na jua, mimi nilizidiwa na zawadi, na mimi ndiye niliyewahi kumcheka.

Sasa hivi ninavyofanya ni hivi. Casio kushoto inakwenda tangu filimbi ya kwanza na haisimami kwa lolote. Muda uliopotea nauandika kwenye daftari kwa penseli: badiliko, majeruhi, kujiangusha, kushangilia bao. Garmin kulia, simu imezimwa kabisa, ule usitishaji nimeuondoa, na kabla ya mechi namwonyesha kamisaa skrini ili aione kwa macho yake. Akisema vua, navua bila ubishi. Kamisaa mmoja amenikataza, nikamwachia yeye akae nayo mezani, ikapima mapigo ya mzee wa watu anayekunywa soda. Washika vibendera wangu nawaomba ngumi kifuani dakika ya 45, na ngumi ile sasa naiheshimu kuliko setilaiti.

Yule kocha anakaa mtaa wa nyuma ya kibanda changu. Wiki iliyopita alikuja anaburuta baiskeli, gurudumu la nyuma limepinda, spoku tatu zimekatika. Tukasalimiana vizuri, akakaa kwenye benchi.

"Itachukua muda gani, fundi?"

"Dakika ishirini."

Akanitazama mikono yote miwili. "Ishirini za saa ipi?"