Cummins ndani ya Dodge M37: kwa nini nilianza na ekseli

Kila anayefunua boneti ya Dodge yangu huuliza habari za injini ya dizeli ya Cummins niliyoifunga. Ni Cummins gani, nimeitoa wapi, ina nguvu farasi ngapi. Nawajibu kwa furaha, halafu nawaomba wainame watazame chini ya gari, kwa sababu kazi ilianzia huko. Ukifunga dizeli kwenye gari la zamani la jeshi na kuziacha difu zake kama zilivyotoka kiwandani, utapata gari lenye nguvu nyingi linalokwenda polepole kuliko lilivyokuwa na petroli.

M37 ni pikapu ya jeshi la Marekani ya robo tatu tani, iliyoundwa kuanzia mwaka 1951 hadi 1968. Ilifanya kazi Korea, ikafanya kazi Vietnam, kisha nyingi zikagawiwa vikosi vya zimamoto vya vijijini. Yangu ilizeekea kwenye kikosi kimoja hapa Ohio, na kwa kuwa ililala ndani, chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa theluji haikupata nafasi ya kuitafuna chesesi. Gari la jeshi lenye chesesi safi ni bahati kubwa huku.

Injini yake ya asili ni petroli ya silinda sita, valvu zikiwa ubavuni, lita 3.8. Ni injini imara, ila imezaliwa kwa ajili ya mwendo wa msafara wa jeshi. Kiwanda kiliipa difu ya 5.83: propela inazunguka karibu mara sita ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Kwa tairi zake za 9.00-16, ukifika kilomita 88 kwa saa, ambao ndio mwendo wake wa juu, injini inapita mizunguko 3,000 kwa dakika na inalia kweli kweli.

Sasa chukua Cummins 4BT. Silinda nne, lita 3.9, turbo, pampu ya Bosch isiyohitaji kompyuta wala sensa. Ukubwa wake ni karibu sawa na ile ya petroli, lakini ina mvuto, yaani nguvu ya kuzungusha, wa Nm 360 kwenye mizunguko ya chini kabisa. Tatizo ni kwamba gavana wa pampu, yaani kifaa cha kudhibiti mizunguko, anaizuia kwenye mizunguko 2,500 hivi. Piga hesabu kwa difu ya 5.83 na tairi zile zile: inagota kwenye kilomita 70 kwa saa. Barabara kuu za huku matrela yanakwenda 110. Hapo ndipo nilipoamua kwamba sinunui injini mpaka nimepata ekseli.

Ufundi nimejifunza mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, ambako kumtolea mtu injini ya petroli kwenye Land Rover na kumfungia dizeli ya Kijapani ilikuwa kazi ya kawaida. Mzee aliyenifundisha hakukubali kugusa injini kabla ya kuhesabu meno ya difu. Alikuwa anageuza gurudumu kwa mkono, anaangalia propela imezunguka mara ngapi, anaandika kwa chaki kwenye sakafu. Nimefanya vile vile huku, na sijaona njia iliyo bora zaidi.

Ekseli nilizozichagua zimetoka kwenye gari jingine la jeshi: Chevrolet M1008, pikapu za CUCV za miaka ya 1980, yaani magari ya kiraia yaliyorekebishwa kwa ajili ya jeshi. Mbele ni Dana 60, nyuma ni ile ekseli ya GM yenye kraun ya inchi 10.5 ambayo mafundi wa hapa huiita kwa idadi ya bolti za kifuniko chake, 14. Zote mbili zina difu ya 4.56, na ya nyuma ina kifungo cha difu kinachojifunga chenyewe. Ukiwa na ekseli mbili za gari moja huna haja ya kuhangaika kulinganisha uwiano wa mbele na wa nyuma, na kwa gari la magurudumu manne hilo lazima lilingane, la sivyo utavunja transifa, yaani kisanduku cha gia kinachogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma. Jambo jingine la kupima kabla ya kutoa pesa ni upande lilipo bakuli la difu ya mbele. Lazima liwe upande mmoja na tundu la transifa linalotoa propela ya mbele.

Ekseli ya nyuma haikunipa shida: unakata vikalio vya springi, unavisogeza, unachomelea upya. Ya mbele ndiyo iliyonikalisha chini ya gari kwa muda mrefu. Kikalio kimoja cha springi kwenye Dana 60 kimeyeyushwa pamoja na bakuli lenyewe, kwa hiyo hakihamishiki. Wapo wanaokichonga na kulazimisha. Mimi sikubali kudhoofisha chuma cha kuyeyushwa kinachobeba uzito wa injini ya dizeli, hivyo nilihamisha mabano ya springi kwenye chesesi yaifuate ekseli. Nilitoboa na kufunga kwa bolti, bila kuchomelea kwenye chesesi ya asili, ili siku mtu akitaka kuirudisha M37 ilivyokuwa, aweze. Wenye kutunza magari haya wananiuliza kwa haki kabisa kama ni sawa kuyabadilisha. Jibu langu ni hilo: injini ya zamani, ekseli na rimu zake nimezipaka grisi na kuzihifadhi pamoja, na bodi haijakatwa popote.

Ekseli za Chevrolet ni pana kuliko za Dodge, kwa hiyo tairi zingetokeza nje ya mabawa. Rimu za Humvee, gari jingine la jeshi la Marekani, zinaliponya hilo. Zina nati nane kwa mpangilio ule ule wa ekseli hizi, na kina chake kinarudisha tairi ndani. Tairi zake za inchi 37 zinaongeza mwendo pia.

Injini niliitoa kwenye gari lililokuwa likisambaza mikate. Magari ya namna hiyo yana 4BT nyingi, na kwa kuwa ni ndugu wa ile 5.9 ya silinda sita iliyofungwa kwenye pikapu za Dodge tangu 1989, pistoni na nozeli zake zinapatikana kila mahali. Kabla ya kuifunga, fungua kifuniko cha gia za taimingi. Humo kuna pini ndogo ya chuma ambayo mtetemo unaweza kuilegeza miaka inavyokwenda, ikadondoka katikati ya gia, na injini nzima ikafa. Kibati kidogo chini ya bolti ya jirani kinaizuia isitoke. Ni kazi ya jioni moja.

4BT inatetema, na asiyependa mtetemo atafute injini nyingine. Nilitumia mipira laini kwenye miguu ya injini, na bomba zote za mafuta na maji nikaziwekea sehemu ya mpira ili zisipasuke. Giaboksi ni NV4500 ya gia tano kutoka Dodge isiyo ya magurudumu manne, kwa sababu transifa ya M37 imekaa peke yake nyuma na inaunganishwa na giaboksi kwa propela fupi. Nimeibakiza transifa hiyo.

Breki sikuzifanyia mchezo. M37 ilitoka na silinda kuu moja yenye mfumo mmoja wa mafuta, maana yake bomba moja likipasuka huna breki kabisa. Nimeweka silinda kuu ya mifumo miwili, diski za mbele zimekuja na Dana 60, na kwa kuwa dizeli haitengenezi mvuto wa hewa kama petroli, msaada wa breki unatoka kwenye pampu ya stelingi. Umeme nimeuacha volti 24, kwa stata na altaneta za volti hizo.

Leo, kwenye gia ya tano kwa kilomita 96 kwa saa, injini inazunguka mara 1,800 na kidogo. Nikiteremka na barabara kuu ya I-77 kuingia milima ya West Virginia, narudi gia ya nne na gari linapanda bila kulalamika, hata likiwa na mzigo. Kelele ndani bado ni kubwa. Nimebandika zulia zito la kuzuia sauti kwenye ukuta wa injini na limesaidia, lakini mazungumzo ya kabini bado ni ya kupaza sauti.

Kama ekseli za CUCV hazipatikani mlipo, tafuteni za pikapu ya Dodge W350 ya dizeli. Nazo ni Dana, 60 mbele na 70 nyuma, na nyingine zina difu ya 3.54, ambayo kwa tairi za kawaida za M37 itakufaa hata ukiwa na giaboksi ya gia nne.