Ukinunua nyumba ya mawe Lamu pamoja na wageni wake

Matangazo ya kuuza nyumba hizi yanafanana. Nyumba ya mawe Mkomani, mtaa wa mji wa kale, vyumba sita, kila chumba na choo chake, juu paa la makuti linaloangalia bahari, biashara ya wageni inaendelea, bei ya pamoja. Anzia hapo kwenye "bei ya pamoja". Vitu vitatu vimefungwa kitambaa kimoja: nyumba, samani na biashara. Mtake muuzaji akuandikie bei ya kila kimoja peke yake. Akikataa, jipimie mwenyewe, na nyumba ikiwa haistahili bei ile bila mgeni hata mmoja ndani yake, iache. Kuta hukaa. Wageni wanaweza kutoweka ndani ya wiki moja ubalozi mmoja wa Ulaya ukitoa onyo la usafiri.

Karatasi kwanza, kuta baadaye. Watu hufanya kinyume: wanapanda ngazi, wanaona zidaka (vishubaka vya ukutani) na kiwanda (ua wa ndani) chenye mwanga, moyo unatekwa, na wakili anaitwa kuhalalisha uamuzi uliokwisha kupita. Mji wa kale haukujengwa kwa hati za ofisi ya ardhi mkononi. Nyumba nyingi zimekuja kwa mirathi, na jina lililoandikwa, kama lipo, ni la babu. Kwa hiyo fanya sachi, yaani upekuzi wa hati katika ofisi ya ardhi, kisha uliza swali dogo: huyu aliyeandikwa yuko hai?

Kama amefariki, unayezungumza naye ni mrithi, na mrithi hauzi ila fungu lake. Chukua mfano wa marehemu aliyeacha mke, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Mke ana thumni, yaani sehemu moja ya nane. Zinazobaki, thumni saba, zinagawanywa kwa mwanamume kupata mara mbili ya mwanamke: kila binti thumni moja, kila mwana thumni mbili. Sasa binti mmoja yuko Jeddah na hakutia sahihi. Aliyelipa bei kamili ya nyumba hapo amenunua thumni saba, na ya nane ina mwenyewe. Na kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya watu wa pwani hii, mshirika ana haki ya shufaa, yaani anaweza kulidai fungu lililouzwa kwa mtu wa nje kwa bei ileile. Dawa yake ni moja: hukumu ya mirathi kutoka Mahakama ya Kadhi yenye majina ya warithi wote, na kila mmoja wao atie sahihi au atoe uwakilishi uliosajiliwa. "Ndugu zangu wote wameridhika" si karatasi.

Uliza pia kama nyumba, au sehemu yake, ni wakfu. Mali ya wakfu haiuzwi, hata kama anayekaa ndani amekaa miaka hamsini. Ofisi ya wakfu iko Mombasa. Wakili wako aandike barua. Halafu mlete mpima ardhi apime wikio kama lipo. Chumba kile kinachovuka juu ya usita (kichochoro) kinakaa kwenye kuta za nyumba mbili, na mara nyingi ramani haisemi ni cha nani. Jirani wa upande wa pili anajua. Muulize kabla hujalipa.

Asiye raia wa Kenya hapati umiliki wa kudumu: Katiba ya 2010, kifungu cha 65, inampa ukodishaji usiozidi miaka 99. Kampuni huhesabiwa raia ikiwa hisa zake zote ni za raia, kwa hiyo mgeni mwenye hisa moja tu ameibadilisha hali yote. Mauziano yenyewe kwa kawaida huanza na asilimia 10, na siku 90 za kukamilisha. Hiyo asilimia 10 ikae kwa wakili, isiingie mfukoni mwa muuzaji. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4. Muuzaji naye hulipa kodi ya faida ya mauzo, ambayo tangu Januari 2023 ni asilimia 15, na ndiyo maana utasikia pendekezo la kuandika bei ndogo kwenye mkataba. Usikubali. Ushuru wa stempu hufuata tathmini ya serikali, kwa hiyo hukuokoa chochote, na siku utakayouza wewe ile faida ya kwenye karatasi itakuwa yako na kodi yake pia.

Wanaonunua nyumba ya shamba Ufaransa yenye vyumba vya kupangisha watalii hukabidhiwa faili la ukaguzi kabla ya sahihi: mchwa, rangi ya risasi, umeme, maji machafu. Kisha mnunuzi ana siku 10 za kujitoa bila kueleza sababu. Lamu faili hilo hakuna anayekupa. Unalitengeneza mwenyewe, na hapa ndipo siku zako ziende.

Nenda na fundi wa chokaa, si wa saruji. Beba tochi, bisibisi, nyundo ndogo na uzi. Ukiweza nenda masika, Mei, paa linapotoa siri zake.

Anza na boriti. Vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba, upana mita mbili na nusu hadi tatu, kwa sababu huo ndio urefu ambao mti wa mikoko unabeba uzito. Ukiona ukumbi mpana, kuna ukuta uliotolewa au chuma kilichopachikwa. Uliza lini, na nani aliruhusu. Juu ya boriti kuna mawe na zege ya chokaa, unene unaoweza kufika futi moja na zaidi, mzigo mzito hata kabla mtu hajakanyaga. Boriti haiozi katikati. Huoza ncha, ile inayoingia ukutani, ambako jicho halifiki na unyevu unakaa. Chomeka bisibisi pale mti unapokutana na ukuta. Ikizama kama kwenye keki, boriti hiyo imekwisha, hata kama katikati imepakwa rangi ikang'aa. Kisha vuta uzi chini yake toka ukuta hadi ukuta uone kama imepinda. Hesabu mbovu. Chumba cha mita 6 chenye boriti kila sentimita 30 kina kama 20, na kubadilisha hufanywa moja moja, dari ikiwa imeegemezwa nguzo. Mti mpya uwe mkoko au muia, umemenywa gome na umekauka, na aliyeuleta awe na kibali cha msitu. Boriti mbichi hupinda, na zege iliyo juu yake hupasuka.

Kuta sasa. Adui wa ukuta wa matumbawe ni saruji. Chokaa inapumua: maji yanayopanda kutoka ardhini na chumvi yake hutoka taratibu, na lipu huchakaa badala ya jiwe. Ukiufunika ukuta kwa saruji, maji hayana njia, yanapanda juu zaidi hadi kufika kwenye ncha za boriti, na chumvi inaganda nyuma ya lipu hadi lipu inabanduka vipande. Piga kwa nyundo. Mlio mtupu maana yake lipu imeachana na jiwe. Kwaruza kwa msumari: chokaa hutoa unga mweupe, saruji inakataa. Muuzaji aliyepiga saruji na rangi mpya ya plastiki mwezi uliopita, kuanzia sakafuni hadi kiunoni, anaficha kitu, na si lazima awe anajua anachokificha.

Kurekebisha ni kubandua saruji yote, kuacha ukuta ukauke miezi kadhaa, kutomea mashimo kwa mawe madogo, na kupiga lipu ya chokaa moja kwa mchanga tatu, tabaka jembamba jembamba, ukirashia maji kila siku ili isikauke kwa pupa. Mchanga wa ufukweni una chumvi. Uoshwe kwa maji matamu ama usitumike. Na kila kitu, kuanzia chokaa hadi bomba, huja kwa jahazi hadi gatini kisha mgongoni mwa punda. Mtake mwenye duka bei ya "mpaka mlangoni". Bei ya dukani Mombasa haina maana kwako.

Lakini ukitaka kujua nyumba ya wageni inakufa kwa nini, nenda chooni. Nyumba ya asili ilikuwa na sehemu chache za maji, na birika lake (tangi la kujengwa la kuhifadhi maji). Biashara imetaka kila chumba kiwe na choo na shawa, basi mabomba yamechimbiwa ndani ya matumbawe na vigae vimewekwa juu ya dari ya boriti. Ziba tundu la shawa, jaza maji, ondoka kwa muda wa saa tatu au nne, kisha nenda chumba cha chini yake ukamulike tochi. Fanya hivyo kwa kila choo, hata muuzaji akinuna. Matangi nayo yahesabu: tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja. Matatu yakikaa katikati ya dari badala ya juu ya ukuta, hiyo ni tani tatu juu ya miti. Fungua na kifuniko cha shimo la maji machafu. Lori la kunyonya halipiti kwenye usita wetu, kwa hiyo kujaa kwake ni kazi ya mikono au ya pampu yenye mpira mrefu, na kisima cha jirani kiko hatua chache.

Makuti ni jambo la haraka: yanadumu miaka michache tu, mchana simama chini yake, ukiona nyota nyingi za jua panga bajeti.

Mji wa kale ulitangazwa eneo la kuhifadhiwa mwaka 1986, na UNESCO ikauingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia 2001. Huongezi ghorofa wala hubadilishi uso wa nyumba bila idhini kupitia ofisi ya Makumbusho ya Taifa. Muhimu kwa mnunuzi ni yaliyokwisha kufanywa: barua ya idhini ya ile ghorofa ya tatu iko wapi? Kama haipo, kosa unalirithi wewe. Mlango wa nakshi, masanduku na viti vya enzi viorodheshwe kwenye mkataba kimoja kimoja, kwa picha. Imekuwa ni mazoea mabaya mlango wa kale kubaki kwenye tangazo na mwingine kubaki kwenye fremu.

Sasa biashara, na hesabu moja inatosha kumjua muuzaji. Vyumba sita kwa siku 365 ni usiku 2,190. Akisema anajaza asilimia 40, huo ni usiku 876. Kwa shilingi 6,000 kila usiku, mauzo ni 5,256,000. Hapo amevuka milioni 5, kiwango ambacho humlazimu mtu kujisajili kwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16. Mwambie akuoneshe usajili. Kama hana, ama anakudanganya wewe au anaidanganya KRA, mamlaka ya kodi, na vyote viwili vinapunguza bei. Linganisha pia ripoti zake za tozo ya utalii, ambayo ni asilimia 2 ya mauzo na hulipwa kila mwezi ifikapo tarehe 10 ya mwezi unaofuata, na taarifa za M-Pesa za miezi 24. Kitabu cha wageni hakitoshi. Kalamu haina kikomo.

Toa hapo kamisheni ya mitandao, karibu asilimia 15 kwenye baadhi yake, toa mishahara, tokeni, maji, dobi, makuti. Toa na miezi: Aprili hadi Juni kusi na mvua hufunga nyumba nyingi, na mapato ya mwaka yanakaa Desemba na Januari, kisha Julai na Agosti, na siku chache za Maulidi.

Nyota na sifa za kwenye Airbnb ni za akaunti ya muuzaji. Hazihami na nyumba. Utaanza na sifuri. Leseni za kaunti na ya mamlaka ya utalii ziko kwa jina lake na ni za mwaka. Wafanyakazi wana likizo na malipo ya utumishi waliyoyachuma kwake, basi ayalipe kabla ya siku ya makabidhiano, wao watie sahihi, nawe uwaajiri upya. Mpishi usimpoteze. Wageni wengi wanaorudi wanamrudia yeye.

Mtego unaosahauliwa zaidi ni wageni waliokwisha kulipa. Mtu amelipia Krismasi tangu Julai, pesa iko kwa muuzaji, na siku ya kufika ni wewe unayefungua mlango. Orodha ya nafasi zote zilizolipiwa, kwa tarehe na kiasi, iwe kiambatisho cha mkataba, na jumla yake ikatwe kwenye bei ya mwisho.

Makabidhiano yafanyeni Juni, mvua zikielekea kwisha, ili uwe na wiki chache za matengenezo madogo kabla ya Julai. Siku hiyo soma mita ya umeme, hesabu funguo, pima kina cha birika kwa fimbo. Na ukiona samaki wadogo ndani, waache: ndio wanaokula viluwiluwi vya mbu.