Siku Nilipokataa Kuomba na Mteja Wangu

"Daktari, tuombe kwanza."

Alikuwa akisema hivyo kila Jumanne saa tisa alasiri, hata kabla hajakaa. Mimi si daktari wa dawa. Ni mwanasaikolojia wa tiba. Lakini Nairobi ukishakuwa na chumba chenye viti viwili na boksi la tishu, wewe ni daktari, na nimechoka kubishana. Basi nilikuwa nainamisha kichwa, yeye anafungua kwa maombi, na kikao kikiisha nafunga mimi. Tulienda hivyo wiki sita. Wiki ya saba nilikataa, na haya ninayoandika yanahusu kile kilichonifikisha hapo. (Nimebadilisha mambo ya kutosha asitambulike, na yeye mwenyewe ameyasoma kabla yenu.)

Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita, mkaazi wa Umoja, keshia wa supamaketi. Aliletwa kwangu na dadake kwa sababu alikaribia kufutwa kazi kwa kuchelewa. Hakuwa akichelewa kwa usingizi. Alikuwa akiamka saa kumi usiku kutubu. Kuna neno moja chafu, la kumtukana Roho Mtakatifu, lilikuwa likimjia kichwani bila kuitwa, na tangu siku aliposikia mahubiri juu ya Marko 3:29, ile dhambi isiyosameheka, hakupata tena amani. Alitubu bafuni, akatubu ndani ya matatu, akatubu kati ya mteja mmoja na mwingine huku kapu la unga likimsubiri kwenye kaunta.

Siku ya tatu alinionyesha mfuko wa koti. Ulikuwa na maharagwe, yale mekundu ya Nyayo, punje thelathini. Kila toba ikikamilika bila doa, punje moja inahama mfuko wa kushoto kwenda wa kulia. Lile neno likipita kichwani katikati ya toba, au ulimi ukiteleza, punje zote zinarudi kushoto na kazi inaanza upya. Punje zilikuwa zimeng'aa kwa kushikwashikwa, kama shanga za mtu wa kale.

Sasa, mimi nililelewa na nyanya aliyeokoka katika Mwamko wa Afrika Mashariki, ule uamsho wa Kikristo ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukaingia Kenya muongo huohuo. Kwa nyanya yangu, toba ilikuwa kama kuoga. Unatembea nuruni, ukikosa unasema mbele ya ndugu, mnaimba, mnaendelea. Nilipoenda kusoma saikolojia niliiacha imani mlangoni kama viatu. Hakuna aliyeniambia niiache. Niliona tu kwamba darasani tukifika kwenye dini, inatajwa kwa sauti ile ya kutaja mila za watu wengine. Kwa hiyo nilipofungua ofisi yangu Ngong Road na wateja wakaanza kuniuliza, "Wewe umeokoka?", nilifurahi kupita kiasi. Nikaona hatimaye nimeziunganisha zile nusu mbili zangu: tunazungumza dakika arobaini na tano, tunaomba tano. Nilidhani kuunganisha ndiko huko.

Aliyenitikisa ni msimamizi wangu. Kila mmoja wetu anatakiwa kuwa na mtu wa kumpelekea kesi zake, na wangu ni mama mmoja wa makamo asiyepoteza maneno. Nilimweleza kwamba binti anaendelea vizuri, kila Jumanne anatoka akiwa mwepesi. Akaniuliza, "Huo wepesi unakaa muda gani?" Sikujua. "Muulize."

Nikamuuliza. Binti akafikiri kidogo, akasema kwa uaminifu kabisa, "Unanifikisha City Mortuary."

Kwa asiyejua barabara ile: kutoka ofisini kwangu, karibu na jengo la maduka la Prestige, hadi mzunguko wa City Mortuary ni safari fupi mno, kama hakuna foleni. Baada ya hapo wasiwasi unarudi na punje zinaanza kuhama. Ndiyo maana alikuwa akinipigia simu usiku, "Daktari, niombee tu kidogo." Nami nilikuwa nikimwombea! Nilikuwa nimegeuka punje ya thelathini na moja.

Ugonjwa huu, wa fikra zinazojirudia na matendo ya kulazimika, wengi wanaujua kwa herufi tatu, OCD. Watu hudhani ni kunawa mikono na kukagua kufuli. Kumbe unaweza kuvaa kanzu ya ibada na kukaa kiti cha mbele kanisani. Unavyofanya kazi ni rahisi kueleza: fikra inakuja, hofu inapanda, unafanya tendo la kujituliza, hofu inashuka, na kule kushuka ndiko kunakoufundisha ubongo kwamba bila lile tendo ungeangamia. Kesho tendo litahitajika mara mbili. Rafiki yangu wa Mombasa alicheka nilipomweleza. Alisema kwao mtu anayerudia udhu mara kumi kabla ya swala husemwa ana wasiwasi, na watu wazima wanamwambia asiufuate. Neno tulilonalo kila siku mdomoni, lililotoka Kiarabu, lilikuwa limebeba ugonjwa huu tangu zamani, nami nilikwenda kuutafuta vitabuni.

Tiba yake ilianza kupata sura mwaka 1966, London, Victor Meyer alipoandika juu ya wagonjwa wawili aliowasaidia kwa kuwakabilisha na kile walichokiogopa huku wakizuiwa kufanya matendo yao. Inauma, lakini inafanya kazi. Zipo na dawa zinazosaidia, kwa mfano fluoksetini, ambayo kwa ugonjwa huu mara nyingi huhitaji dozi kubwa kuliko ya sonona na wiki nane hadi kumi na mbili kabla ya kuamua kama inafaa. Binti alikuwa ameandikiwa na daktari wa akili. Kwa upande wangu kulikuwa na kitu kimoja cha kuzuia, nacho kilikuwa maombi.

Jumanne ya saba akaingia. "Daktari, tuombe kwanza."

"Leo hatutaomba."

Alibaki amesimama, mkono mfukoni. Nikamweleza yote: punje, simu za usiku, City Mortuary, na kosa langu mimi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema taratibu, "Kwa hiyo hata wewe si wa kwetu." Akaondoka. Wiki iliyofuata hakuja.

Siku zile kumi na nne sikulala vizuri. Nilimwombea nyumbani, peke yangu, kwa sababu hilo hakuna tiba inayolikataza. Niliisikia sauti ya nyanya ikiniuliza ni Mkristo gani anayemfungia mtu mlango wa toba.

Alirudi, na sharti moja: nizungumze na pasta wake. Lilikuwa wazo bora kuliko langu lolote. Akatia saini karatasi ya ruhusa, tukaandika yapi nitasema na yapi sitasema, na Jumamosi nikaenda. Kanisa ni la mabati, nyuma ya gereji. Pasta, mzee wa sitini na kitu, alinikaribisha kwa chai ya tangawizi.

"Bwana asifiwe, Sista. Huyu mtoto nimemfanyia maombi ya kufunguliwa mara mbili. Mara mbili amefunguliwa, mara mbili imerudi."

Nikamweleza ile mantiki ya hofu na tendo. Alielewa haraka kuliko wanafunzi wangu wengi. Alipogoma ni pale nilipomwambia kwamba binti akiuliza, "Je, nimemkufuru Roho?", tusimjibu hapana.

"Tumjibu nini?"

"Huenda."

Akaweka kikombe chini. "Sista, unataka nimwambie kondoo wangu huenda?"

Nilimweleza kwamba hapana yake ingedumu hadi City Mortuary tu. Nikamkumbusha Martin Luther, baba wa Uprotestanti, ambaye alipokuwa mtawa alimchosha padri wake kwa maungamo yasiyokwisha, na Ignatius wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, ambaye mwaka 1522 kule Manresa aliteswa na dhambi alizokwisha kuziungama hadi akafikiria kujiua, na mwishowe akaamua asiungame tena mambo ya zamani. Pasta si mtu wa kuvutiwa na Wakatoliki. Lakini alinyamaza kwa muda, kisha akaja na njia ambayo mimi na shahada zangu tusingeipata: atamfundisha binti lile andiko mara moja tu, kwa utulivu wote, ataandika mafundisho hayo kwenye karatasi, ataweka tarehe na saini. Baada ya hapo akiulizwa tena, jibu lake litakuwa, "Nilishakujibu." Na toba itakuwa moja kwa siku, jioni, kwa maneno yoyote, bila kurudia hata likiingia neno chafu katikati.

Binti alipambana naye kwa Biblia. Alimsomea Waebrania 11:1, kwamba imani ni kuwa na hakika. Sasa vipi aambiwe aishi bila hakika? Pasta akamfungulia Marko 9:24, yule baba aliyelia, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," akamuuliza, "Huyu mwanawe alipona au hakupona?" Mimi nilikuwa nimekaa pembeni nikinywa chai yangu iliyopoa. Kikao kile ndicho kilichonionyesha maana ya kuunganisha. Kila mmoja alikuwa ameketi mahali pake, na kazi ilikuwa ikifanyika.

Tukajenga ngazi ya mazoezi, kutoka jepesi hadi gumu. Chini kabisa: kuacha punje moja nyumbani. Halafu kumi. Halafu kuomba jioni na kukosea neno kwa makusudi. Kusoma Marko 3:29 kwa sauti mbele yangu, mara ishirini, hadi maneno yakachosha. Kulibeba andiko hilo kwenye pochi kazini. Juu kabisa ya ngazi tuliandika: Jeevanjee, saa saba mchana.

Anayefanya kazi katikati ya jiji anazijua bustani za Jeevanjee saa ya chakula. Wahubiri wamesimama hatua chache mmoja kutoka kwa mwingine, spika zinashindana, na waliokaa kwenye nyasi wanakula njugu wakisubiri saa nane. Tulikwenda pamoja. Tukakaa karibu kabisa na mhubiri mmoja mwenye sauti ya chuma, binti akiwa tayari kwa moto wa jehanamu, na yule mtu akahubiri zaka. Saa nzima, zaka. Tulirudi ofisini tukicheka, na sikuwahi kumwona akicheka kabla ya siku hiyo.

Safari ya pili tulimpata mwingine, na huyo alianza na jehanamu moja kwa moja. Kila dakika tano nilimuuliza hofu iko ngapi kati ya sifuri na mia. Themanini. Tisini. Tisini na tano. Vidole vyake vilikuwa vikitafuta mfuko usio na kitu. "Nimtubie kidogo tu, kimoyomoyo?" Nikasema hapana, nami moyo ukinienda mbio. Tisini. Themanini na tano. Kama dakika ya arobaini akasema hamsini, akanyoosha mkono akanunua njugu za shilingi ishirini. Mhubiri alikuwa bado anaunguruma.

Tangu hapo nimebadilisha namna ninavyompokea kila mteja. Zamani fomu yangu ilikuwa na mstari mmoja wa dini, watu wanaandika "Mkristo" na tunaendelea. Siku hizi nauliza anaombaje, mara ngapi, na nini kinatokea asipoomba. Na nauliza juu ya mifungo na kesha, hasa ikikaribia Januari, makanisa mengi yanapoingia mfungo wa siku ishirini na moja. Nilipata kuwa na mteja mwenye ugonjwa wa hisia mbili (bipolar), anayetumia lithiamu, aliyepanga kufunga bila hata maji. Dawa ile si ya kuchezea: mwili ukikosa maji na chumvi, figo huishikilia badala ya kuitoa, na inaweza kupanda kwenye damu hadi ikawa sumu, mtu akaanza kutetemeka na kuchanganyikiwa. Kesha nayo, kwa mtu kama yeye, kukosa usingizi kunaweza kuamsha ule upande wa msisimko usio na breki. Nisingeuliza asingesema, kwake hayo yalikuwa mambo ya Mungu, si ya hospitali. Tulimpigia daktari wake, naye akazungumza na mchungaji wake, na mwishowe mfungo wake ukawa wa kuacha simu na sukari. Aliniambia simu ilimshinda siku ya nne.

Bado ninaomba na baadhi ya wateja. Mama aliyezika mtoto akiniomba tuombe, naomba. Lakini sianzi mimi, na kabla ya kuinamisha kichwa najiuliza ni nani kati yetu anayetaka kukimbia kile kimya. Mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri, ni mimi.

Kikao cha mwisho cha yule binti kilikuwa Jumanne ya mvua. Lifti ilikuwa imeharibika, akafika ameloa na kuhema. Tukapitia mambo ya kufanya ikiwa wasiwasi utarudi, kwa maana hurudi. Alipomaliza kuandika akasema, "Daktari, leo naomba nifunge kwa maombi. Si kwa ajili ya lile. Nataka kushukuru tu."

Nikakubali. Sikufumba macho, nilivitazama vidole vyake. Alishukuru kwa kazi, kwa dadake, kwa pasta. Katikati, akitaka kusema "utubariki", ulimi ukateleza akasema "utubatilishe". Akasita kidogo sana. Vidole vilibaki juu ya goti.

Akaendelea hadi Amina, akachukua mwavuli wake, akaniuliza kama ngazi za upande wa pili zina taa.