Mpira wa inchi 12

Mwalimu wa softiboli alinifuata karakana, Barabara ya 9, Tanga, jioni moja ya mwezi Juni. Nilikuwa na mlango wa mninga mezani na gundi bado mbichi. Siku zote hupita na baiskeli yake akapunga mkono basi, lakini siku hiyo alishuka, akakaa juu ya kipande cha ubao, akausifia mlango, kisha akauliza mbao za mtiki kutoka Muheza zinauzwaje siku hizi. Mtu asiyejenga akikuuliza bei ya mbao, subiri, kuna jambo linakuja.

"Fundi," akasema mwishowe, "namtaka Chiriku apande kwa wakubwa."

Chiriku ni binti yangu wa tatu. Jina la nyumbani hilo, na aliyewahi kukaa naye dakika tano hahitaji kuelezwa limetoka wapi. Mchezo wenyewe uliletwa mtaani kwetu na huyu mwalimu, aliyejifunza Dar es Salaam kwa Wajapani wa kujitolea. Ni ndugu wa besiboli, ila mpira wake ni mkubwa zaidi na mrushaji hurusha kwa chini, mkono ukizunguka mzima kama gurudumu kabla ya kuachia. Watoto wanamwita mrushaji "picha", na mimi miezi ya mwanzo kila nikisikia "Chiriku ndiye picha" nilidhani kuna mtu kaja na kamera. Anayedaka nyuma ya mpigaji ni "kecha". Hilo nalo bibi yake alilisikia vibaya, akataka kujua kwa nini watoto wakeshe uwanjani.

Kulenga hakufundishwa na mtu. Amekulia kwenye rede, ule mchezo wa wasichana wa kulengana mpira, na msichana aliyekulia kwenye rede za Ngamiani akikulenga umelengwa.

Mwalimu amewagawa watoto kama wanavyogawa Marekani: wasiozidi miaka 10, wasiozidi 12, wasiozidi 14. Umri anauhesabu kwa tarehe 1 Januari. Chiriku ni wa Machi, kwa hiyo Januari alikuwa na miaka 10, na hata baada ya kutimiza 11 alibaki kundi la wadogo hadi Desemba. Huko chini alikuwa mkubwa wao. Huko juu, kwa wasiozidi 12, angekutana na wasichana waliokwisha kutimiza 13 baada ya Januari, wengine warefu kuniliko.

Nitasema ukweli: moyoni nilikubali palepale. Usiku nilikwenda kijiwe cha kahawa na nikahakikisha habari inatoka kabla kikombe cha pili hakijamiminwa. Mtoto wako anaitwa na wakubwa, nani atanyamaza?

Mama yake alinisikiliza hadi mwisho huku akikuna nazi. Kisha akauliza, "Aliyekuwa akirusha kwa hao wakubwa amekwenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Kesho yake nikamfuata mwalimu. Hakunificha, na kwa hilo namheshimu. Mrushaji wake alikuwa darasa la saba, mtihani wa taifa ni Septemba, na wazazi wake wamemtoa mchezoni akasome. Uwanjani wanatakiwa watu tisa na pengo limetokea mahali pabaya kuliko pote, katikati. Kwa hiyo haikuwa kwamba mtoto wangu ameiva, bali chungu cha mwenzake kilikuwa hakina kitu. Labda ameiva pia, lakini hayo ni maswali mawili, na mimi nilikuwa nimeletewa moja limevaa nguo za jingine.

Mimi ni seremala. Nikitatizika, napima. Nikaomba nipewe vipimo vyote vya makundi hayo mawili, na mwalimu akanipa mipira miwili niende nayo nyumbani. Wadogo wanarusha kutoka futi 35, wakubwa kutoka futi 40. Mpira wa wadogo una mzingo wa inchi 11, wa wakubwa inchi 12. Ukisikia tu, inchi 1 ni nini? Lakini nilipouweka ule mkubwa kiganjani mwa Chiriku, vidole vyake havikuufunga, vilikuwa vimeuegemea tu. Nikaipeleka yote miwili kwa Mpemba wa dukani aiweke kwenye mizani. Mdogo karibu gramu 170, mkubwa karibu 190. Mpemba akauliza kama nataka kufungiwa. Umbali wa besi hadi besi, vile vituo vinne ambavyo mpigaji hukimbia kuvizunguka, ni futi 60 kwa makundi yote mawili, kwa hiyo huko sikupoteza muda, ingawa nilipiga hesabu ya ulalo kwa mazoea: karibu futi 85 kutoka besi ya tatu hadi ya kwanza. Mtoto hurusha hivyo kila siku bila kujua.

Nikachora mraba kwa chaki kwenye ukuta wa nyuma wa karakana, kipimo cha mpigaji wa rika lake, maana mpira halali ni unaopita ndani ya mraba huo, nikavuta tepu, nikapigilia vigingi viwili. Futi 35 kwa mpira mdogo: mipira 20, ndani ya mraba 13. Futi 40 kwa mpira mkubwa: mipira 20, ndani 6. Hiyo 6 haikunitisha, mtu hujifunza. Kilichonitisha nilikiona kuanzia mpira wa kumi hivi. Alianza kuusukuma mpira kwa bega. Kiwiliwili kikawa kinalala upande, mkono unachelewa, na kila mpira ukianguka mbele ya ukuta anajikaza zaidi. Watu husema kurusha kwa chini hakuumizi mkono kama kurusha kwa juu. Mimi nimepiga randa miaka 20 na mkono wangu hauendi juu ya kichwa, na bega langu la kulia mvua ikikaribia linajua kabla ya redio.

"Umechoka?"

"Sijachoka, Baba." Chiriku hachoki. Hilo ndilo tatizo la kumuuliza.

Alhamisi nikaenda kuwatazama wakubwa, nikakaa chini ya mwarobaini na wazazi wengine. Kusi ilikuwa inavuma, vumbi linakwenda upande mmoja. Msichana mmoja mnene wa mabega akapiga mpira ukarudi moja kwa moja alikotoka, kimo cha kifua. Aliyekuwa akirusha siku hiyo, wa kuazima tu, akaruka pembeni. Mpira ulifika karibu na ua kabla sijamaliza kusema "Lahaula". Nikauliza kinga za uso ziko ngapi. Ipo moja, na anaivaa kecha. Nilikaa nikafikiri nichonge nyingine, nikapata hata picha ya waya na ngozi kichwani, halafu nikajikumbusha kwamba mimi natengeneza vitanda.

Mwalimu naye alikuwa na hoja zake, na si za kupuuza. Akasema mtoto akibaki na wadogo ataridhika, atarusha kwa nguvu bila ufundi kwa sababu nguvu inamtosha. Kisha akanipigia mfano wa Mjapani Yukiko Ueno, aliyerusha mipira 413 ndani ya siku mbili kwenye Olimpiki ya Beijing mwaka 2008, Japani ikachukua dhahabu mbele ya Marekani. Hadithi hiyo huwasimulia watoto, na Chiriku ameihifadhi kama sura ya Kurani. Nikamuuliza dada huyo alikuwa na miaka mingapi. Akasema 26. Na baadaye? Akasema Olimpiki ya Tokyo, iliyochezwa 2021, alikuwepo tena ana miaka 39, dhahabu tena. "Basi Mwalimu," nikamwambia, "unaniharakishia nini?" Akacheka, lakini hakufurahi.

Wiki nzima tulikuwa tumejadiliana mimi, mama yake, mwalimu, bibi na nusu ya kijiwe cha kahawa, na mwenye mkono hajaulizwa. Nilimuuliza nikiwa nimempakia kwenye baiskeli tukitoka Raskazone, kwa sababu mtoto akiwa nyuma yako hakutazami usoni na huongea vizuri. Nilitegemea aseme anataka kwenda. Akanyamaza hadi karibu na mzunguko, jambo ambalo kwa Chiriku ni kama kupatwa kwa jua.

"Baba, nikienda, yule dada akishamaliza mtihani akirudi, mimi nitarusha au nitakaa?"

Katika watu wazima wote hakuna aliyefika hapo. Nilipolipeleka kwa mwalimu, alikuna kidevu, akasema kwa haki kabisa kwamba mkubwa akirudi nafasi ni yake. Yaani miezi mitatu ya kurusha mpira usiomwenea, halafu benchi, wakati kule kwa wadogo angerusha kila mechi.

Tukakubaliana hivi. Mechi zote anacheza na wadogo. Alhamisi anafanya mazoezi na wakubwa, anadaka na kukimbia, na akirusha haizidi mipira 30. Mechi ya wakubwa hapandi bila kinga ya uso. Sharti la mwisho lilikuwa la mama yake: safari za kulala Dar hapana, na hilo halikuwa na mjadala. Niliposema pengine kwenye basi atakuwa na dada zake wa kumwangalia, niliulizwa kama nimesahau wasichana wa miaka 13 huongea nini na simu ya nani.

Haikupokelewa vizuri. Wakubwa walifungwa mara mbili mfululizo, na mzazi mmoja akanipita sokoni bila salamu. Neno lililonifikia ni kwamba Fundi anambania mtoto. Liliniuma kwa sababu huenda ni kweli. Mwenzake Chiriku mmoja, wa umri uleule, baba yake alikubali apande akacheze besi ya pili, na mtoto yule alichanua. Alirudi kutoka Dar anaongea kwa sauti nyingine kabisa. Nilimtazama na nikajuta kidogo, siwezi kusema sikujuta. Ila besi ya pili si katikati, na vidole vya mtoto yule ni virefu.

Agosti kulikuwa na bonanza, kinga ya pili ikapatikana kwa kuazima, mwalimu akaja kuomba Chiriku awarushie wakubwa iningi moja tu, yaani awamu moja ya mchezo. Nikakubali. Chiriku aliwatembeza wapigaji wanne, kila mmoja mipira minne nje ya mraba na safari ya bure hadi besi ya kwanza. Wa tano akaupiga mpira juu ukadakwa. Mwalimu akamtoa hapo. Alikuja akakaa pembeni yangu, akavua ile kinga, akanywa maji chupa nzima.

"Ule mpira mzito," akasema. Tangu Juni hakuwahi kulikubali hilo.

Yule dada alimaliza mtihani akarudi Oktoba, na pengo likaisha kama halikuwahi kuwapo. Mimi na Chiriku tuliendelea na ukuta wa karakana, kila mwezi nikisogeza kigingi futi 1. Desemba alikuwa anapata 11 kati ya 20 kutoka futi 40, mwili umesimama, vidole vimeongezeka kidogo au vimezoea, sijui. Januari alipanda kwa haki yake, hakuna aliyeombwa wala aliyeombewa.

Siku ya kwanza ya mazoezi nilifunga karakana mapema nikaenda kutazama. Mwalimu akamrushia mpira mkubwa, akamwonyesha mahali pa kusimama. Chiriku akaushika, akaugeuzageuza, akamrudishia.

"Mwalimu, shikamoo. Mimi nataka kuwa kecha."

Kinga za miguu za kecha zilizopo ni za mtu mzima, zinamfika mapajani. Nimezibeba nyumbani, nione mikanda inaweza kupunguzwa wapi.